"Mwambie mama yako nimelipa nusu"

Wiki hii shangazi katolewa nyuzi na karuhusiwa kurudi nyumbani, mahari ya mdogo wangu imeletwa Jumamosi na kupokelewa bila maneno, na wakaguzi wamekuja dukani wakahesabu dawa zote mpaka panadol, wakaondoka. Kila moja lilistahili ukurasa wake. Lakini nikikaa kuandika, linalonijia ni sauti ya mzee mmoja kwenye geti la hospitali ya Bombo hapa Tanga, mvua ikimtiririka kwenye kofia: "Mwambie mama yako nimelipa nusu."

Ni yule mzee wa kengele tatu. Mnaokumbuka nilivyoandika juu ya mtu anayemwamsha mwanangu kila alasiri kwa kengele ya baiskeli, ndiye huyohuyo. Tangu hapo nimemjua zaidi, na yale niliyoandika wakati ule yalikuwa machache mno kwake.

Akitoka kuswali alasiri hupandisha kanzu, huibana pembeni kwa kibanio cha kuanikia nguo, akapanda Phoenix yake nyeusi. Ina vioo viwili vya pikipiki kwenye usukani, maua ya plastiki kwenye taa, na madigadi ya nyuma ameyapaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Huanza Barabara ya 1 ya mtaa wetu wa Ngamiani, akaifuata mpaka mwisho, akageuza, akarudi na ya 2, kisha ya 3, hivyo hivyo kwa mpangilio wa nambari. Haruki hata moja. Ukiwa na shida naye nawe unakaa ya 12, usihangaike kumfuata ya 5, maana atakujibu salamu tu na kukwambia, "Nakuja." Na kweli anakuja.

Hubeba salamu. Simu zipo, kila mtu anayo, lakini bado wako bibi kizee wa huku na bibi kizee wa kule wanaotumiana salamu kwa mzee huyu, na jioni ileile zinafika, pamoja na habari kama mtumaji alikuwa amekaa au amelala, na kama sauti ilikuwa na kikohozi. Mimi niliye kaunta ya dawa nawaambia, wako wagonjwa ambao nimejua hali yao kwa mzee huyu kabla watoto wao hawajajua.

Abiria hachukui. Keria yake ina sponji nene iliyofungwa kwa kanga safi, tena kanga nzima, yenye pindo zake, na haikaliwi. Wajukuu zake mwenyewe hukimbia nyuma ya baiskeli na hawathubutu. Mtaani kwetu mtu akitaka kusema jambo fulani haliwezekani husema, "Hiyo ni keria ya mzee."

Basi Jumanne alasiri nilikuwa kwenye kona ya Barabara ya 9 na hotpoti la uji wa shangazi mkononi. Mvua ilikuwa imeanza na bajaji zote zimejaa. Bodaboda wamejibanza chini ya kibanda chao wakingoja ipungue, na siwalaumu, barabara ikilowa mafuta yanapanda juu na tairi halishiki. Mzee akaja na kengele yake, akafunga breki mbele yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unakwenda wapi na hotpoti katika mvua hii?"

"Bombo, babu. Shangazi kalazwa."

Akanitazama. "Wewe si wa yule fundi cherehani wa Barabara ya 14?"

"Ndiye mama yangu."

"Panda."

"Babu, hapo si..."

"Panda, mwanangu, uji unapoa."

Nikapanda, nimekaa upande, hotpoti mapajani, baibui nimelikusanya lisiingie kwenye spoki. Ile sponji ilikuwa kavu. Mvua yote ile na ilikuwa kavu, kwa sababu ameifunika kwa nailoni, na aliivua nailoni pale pale, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni kabla sijakaa. Sijawahi kuandaliwa kiti namna hiyo na mtu yeyote.

Tulipofika relini akashuka, akaniambia nami nishuke. "Relini hatupandi." Tukavuka kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikishika keria kwa nyuma. Nimeivuka reli hii maisha yangu yote bila kuifikiria. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na mpaka leo ndiyo inayomwambia mtu wa Ngamiani kuwa sasa unaingia upande wa pili, wa maofisi na mabenki na bahari. Mzee alisimama kwenye vyuma akatazama kulia na kushoto kama kwamba treni inakuja. Kisha akanipakia tena, tukapita mjini, tukashika njia ya Raskazone mpaka Bombo. Hakuzungumza. Alipiga kengele ya kulia kwa watu na ya kushoto kwa magari, na ile ya katikati hakuigusa.

Getini nilitoa elfu mbili. Akaushika mkono wangu pamoja na noti yenyewe, akaufunga.

"Weka. Mwambie mama yako nimelipa nusu."

Akageuza.

Nilikwenda wodini na lile neno, nikamnywesha shangazi uji na lile neno. Nusu ya nini? Hakusema "msalimie", yeye ambaye kazi yake ni salamu. Hakusema deni la nini. Na alivyolisema si kama mtu anayetania, alisema kama mtu anayetoa hesabu mbele ya mashahidi.

Nyumbani mama alikuwa barazani kwenye cherehani, anapinda gauni la sare. Nilipomfikishia, mguu ukasimama kwenye kanyagio.

"Nusu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hana deni na mimi." Akaendelea kushona. Baada ya mshono mmoja akasimama tena. "Relini alikushusha?"

"Alinishusha."

"Eeh," akasema mama, na akatabasamu. Mnajua mama alivyo na tabasamu, tangu baba aondoke hulitoa kwa kipimo. Hili lilikuwa pana.

Alinisimulia baada ya isha, kwa vipande. Mzee huyo alikuwa hamali bandarini, enzi meli zikitia nanga mbali ghubani na mizigo ikisogezwa kwa matishari. Robota la katani likamwangukia mguuni. Wenzake wakamrudisha chumbani kwake Barabara ya 14, wakamkanda, wakamwacha. Asubuhi mguu umevimba mpaka kiatu kimekatwa kwa kisu, na nyumbani kwake hapana mwanaume mwingine. Mama, hajaolewa bado, akachukua baiskeli ya Swala ya mjomba bila kuomba, akampandisha mtu mzima kwenye keria na mguu wake umefungwa kanga, akamkanyaga mpaka Bombo. Relini akamshusha, kwa sababu mpira wa mbele ulikuwa mwembamba na akaogopa usinase kwenye chuma. Jamaa akavuka akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika keria.

Nikamuuliza mama, "Watu hawakusema? Msichana kumpakia mwanaume?"

"Walisema. Wakachoka."

Kurudi hakumrudisha. Alimwacha mikononi mwa wauguzi akawahi nyumbani kabla mjomba hajaamka kuitafuta baiskeli yake. Mzee alirudi vipi, mama hajui mpaka leo.

Sasa piga hesabu nami. Mama alimpeleka Bombo, hakumrudisha. Mzee kanipeleka Bombo, hakunirudisha, nilirudi kwa daladala. Safari kwa safari, ni sawasawa. Deni limekwisha. Nusu inatoka wapi? Dada anasema nusu ni kwa sababu aliyepakiwa ni mimi, na mwenye haki ya kupakiwa ni mama. Mdogo wangu, ambaye siku hizi anaona posa kila mahali, anasema mengine ambayo siyaandiki. Mimi narudia ile sauti. "Nimelipa nusu." Kuna wakati naisikia kama mtu anayeomba muda zaidi. Kuna wakati naisikia kama mtu anayefurahi kwamba bado kuna kilichobaki.

Nilipanga kuandika hadi hapa tu, na ningelala vizuri.

Lakini Alhamisi ilipita video. Kijana mmoja wa kijiweni alitupiga kwa nyuma tukivuka reli, mzee anasukuma, mimi na hotpoti nimeshika keria, mvua inanyesha. Ameandika juu yake, "Chizi wa Ngamiani leo kapata abiria," na vikatuni vya kucheka. Ikaingia kundi la mtaa. Watu ninaowapimia presha bila malipo wakaweka vicheko chini yake.

Nimeumia, na nataka niseme kwa nini. Si kwa ajili ya sura yangu. Huyu kijana anaishi kwa kubeba watu, kazi ya halali, na tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, vijana wengi wa mji huu wamelisha watoto kwa usukani. Mimi mwenyewe siku nyingi sifiki kazini bila wao. Kabla yao tulikuwa tunakanyaga. Tanga ni tambarare, huhitaji misuli ya kupanda vilima, ndiyo maana mpaka leo asubuhi utawaona akina mama wa makamo na baibui zao wanakwenda soko la Mgandini kwa baiskeli, wavuvi na matenga yanayodondosha maji njia nzima kutoka diko la Deep Sea, muuza mikate na sanduku lake, na yule muuza kahawa wa karibu na uwanja wa Mkwakwani anayeendesha kwa mkono mmoja huku jiko la mkaa linawaka kwenye keria. Hakuna anayewaita machizi. Mzee huyu kosa lake nini? Kwamba hana haraka? Kwamba anapita barabara zote badala ya ile inayomfikisha? Mtu anayejua nani kalala na nani kaamka toka Barabara ya 1 mpaka ya mwisho, huyo ndiye mwenye akili kuliko sisi sote tunaopita na vioo vimepandishwa.

Na siku ile aliniacha Bombo, nimeambiwa na mtu wa Barabara ya 10, alirudi maghribi imekaribia, kalowa chapachapa, akaanza tena kwenye kona ile ile ya 9 alipoachia. Alimaliza gizani na dinamo. Hilo hakuna aliyelipiga video.

Mama ameiona. Aliiona kwenye simu ya shangazi, waliketi pamoja kitandani. Shangazi alitaka kuifunga haraka, mama akamshika mkono, akaitazama mpaka mwisho, halafu akaomba iwekwe tena tangu mwanzo. Hakusema kitu. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, "Walisema, wakachoka." Akanijibu, "Wakati ule walikuwa wanasema kwa mdomo, mwanangu. Mdomo unachoka."

Ijumaa mzee hakupita. Watu wakasema mafua. Jumamosi nyumba ilijaa wageni wa mahari, sikusikia lolote. Jana alipita. Kengele ya kulia, kengele ya kushoto, salamu za bibi wa Barabara ya 6 kwa jirani yetu. Mama alikuwa barazani, akamwambia, "Habari za mguu?" na mzee akamwambia, "Unanifikisha," basi, akaendelea na safari.

Keria haikuwa na sponji. Wala kanga. Vyuma vitupu.

Nilimtazama mama naye alikuwa ameshaona. "Ameifua," akasema. "Ilipata matope siku ile." Inawezekana. Mvua za wiki hii hakuna kinachokauka, hata sare za watoto tunazianika jikoni. Kanga nzito na sponji nene vinaweza kuchukua siku kadhaa. Lakini mimi niliikalia ile sponji na najua haikupata tone la matope, kwa sababu niliinua miguu njia nzima.

Yule kijana nimemwandikia aifute. Amesoma, alama mbili za buluu, hajajibu. Kesho nikienda kazini nitapita kijiweni kwao kwa miguu nimwambie ana kwa ana, mbele ya wenzake, kwa sauti ya kawaida.

Jambo jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi saa hii. Mwanangu jino la mbele la chini halijang'oka na la kikubwa limeshachomoza nyuma yake, limesimama safu ya pili kabisa. La mbele nalitikisa halitikisiki. Shangazi anasema tuache litajisogeza lenyewe, mama anasema lifungwe uzi leo leo. Mwenye mtoto aliyewahi kuwa hivi aniambie, daktari wa meno anang'oa au anangoja?