Siku moja na wakuu wa shule, Iringa hadi Mafinga

Saa 12 asubuhi. Misa ya alfajiri imekwisha na niko kwenye basi dogo la Mafinga, madirisha yote yamefungwa. Juni huku kwetu ni mwezi wa makoti. Kazi yangu ni kuwahudumia wakuu wa shule za Kikatoliki: za jimbo, za parokia na za mashirika ya kitawa. Siendi kukagua. Wadhibiti ubora wapo, na Askofu naye ana haki ya kuzitembelea shule zote za Kikatoliki jimboni mwake, hata zile za watawa. Kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema hivyo wazi. Mimi nakwenda kumwona mkuu wa shule mwenyewe. Nataka kujua hali yake, na kama anamfahamu mkuu mwenzake wa jirani kiasi cha kumpigia simu usiku.

Saa 2. Shule ya kwanza ni ya wasichana, upande wa Sao Hill, imezungukwa na misitu ya kupandwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kamwene, karibu Mwalimu."

Sista huyu ni mwalimu hodari wa Baiolojia. Barua ya Mama Mkuu ilimkuta akifundisha, akapokea kwa utii, na muhula uliofuata akawa na walimu, wapishi, walinzi, mzabuni wa maharage anayedai fedha zake na wazazi wanaoomba kulipa ada kidogo kidogo. Hakuna aliyemfundisha kusoma hesabu za shule. Naliona hili kila ninakokwenda: tunamteua mtu kwa sababu ni mwema na anafundisha vizuri, kisha tunamwachia ofisi na funguo. Halafu tunashangaa anapochoka.

Tukafungua vitabu, yeye, mhasibu na mimi. Tukatenga madeni ya kulipwa muhula huu na yale ambayo mzabuni anaweza kuyasubiri. Lakini kilichomkaa moyoni hakikuwa deni. Mwalimu wake wa Fizikia ameondoka wiki iliyopita, amepata ajira ya Serikali. Yeyote anayeendesha shule binafsi anaijua hofu hiyo: ajira mpya zikitangazwa, walimu wa Hisabati na sayansi ndio wa kwanza kuaga, na Kidato cha Nne wana mtihani Novemba. Simlaumu mwalimu, ana familia na anautazama uzee wake. Kinachoniumiza ni kinachofuata. Mkuu aliyeachwa anamnyemelea mwalimu wa shule jirani, kwa siri, kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Pengo halizibwi hivyo, linahamishiwa tu kwa watoto wa shule nyingine, ambayo nayo ni ya Kanisa lilelile.

Nikampigia Padre mmoja mbele yake, mkuu wa shule ya wavulana isiyo mbali, mwenye walimu wawili wa Fizikia. Akasema, "Aje kwenye kikao, tutazungumza."

Saa 4. Chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, kisha safari ya kwenda mjini.

Saa 5. Kikao cha wakuu, Mafinga. Jimbo la Mafinga lilipozaliwa Desemba 2023 kutoka Jimbo la Iringa, baadhi yetu tulihofia kwamba na wakuu wa shule watagawanyika. Wameendelea kukutana, wa majimbo yote mawili, na naomba iwe hivyo daima. Shule zetu zina historia ya kila mmoja kujitegemea. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilikwenda Serikalini. Sekondari ya Tosamaganga iko huko hadi leo. Nyingi tulizonazo sasa zilianzishwa baadaye, kila moja kwa jasho la shirika lake au parokia yake, na mwenye jasho hapendi kuulizwa. Mashindano ya matokeo yakaongeza ukuta. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, mwaka 2023, nilifurahi kweli, ingawa wazazi bado wanazipanga wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp.

Ajenda iliyochukua muda mrefu ni Januari 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inaishia darasa la sita, hivyo wahitimu wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kuingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Vitanda, madawati, maabara, vyoo: nani ana nafasi, nani hana? Mkuu mmoja alisema waziwazi kwamba bweni lake halitakuwa tayari na anaogopa kumwambia mmiliki wa shule. Wawili wakajitolea kwenda naye. Maneno hayo yangeweza kusemwa hapo tu, mbele ya watu wanaobeba mzigo uleule.

Suala la walimu likaamuliwa hivi: hakuna kumchukua mwalimu wa shule mwenzako katikati ya muhula kabla ya kuzungumza na mkuu wake. Mmoja alipinga, akisema mwalimu ni mtu huru. Ni kweli, na tukaandika hivyo kwenye muhtasari: mwalimu hazuiwi, wakuu ndio wanaofungwa na makubaliano.

Saa 9. Shule ya msingi ya parokia. Mambo yanakwenda vizuri, nikasaini kitabu cha wageni na kuondoka.

Saa 12 jioni, Ipogolo. Nyumbani, chakula, muhtasari wa kikao.

Saa 3 usiku. Sista amepiga simu. Padre amekubali: mwalimu wake atafundisha huko Jumanne na Alhamisi mpaka mitihani ya Novemba, nauli na chakula juu ya shule ya Sista. Naye Sista atampeleka mwalimu wake wa Kemia kwa wavulana kila Ijumaa. Ameniomba niwaandikie barua ya makubaliano, na nimeshaianza.