Utamtunza Wapi?

Januari ya 2010 Unguja haikuwa na umeme. Waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika Desemba, na mpaka Machi kisiwa kizima kiliishi kwa jenereta, karabai, vibatari na subira. Pampu za maji nazo zikalala, kwa hiyo mchana ulikuwa wa ndoo. Usiku Mji Mkongwe uligawika: wenye mahoteli walikuwa na mwanga na mngurumo, sisi wengine tulikuwa na giza na mngurumo wao.

Wakati huo huo ndipo alipokuja likizo mtoto wa ami yangu, dada ambaye kwa miaka anaishi Aarhus, Denmark. Alikimbia baridi, akapokewa na kiza. Ndani ya sanduku lake, baina ya chokoleti na soksi za mguu wa shangazi unaovimba, mlikuwa na sidii moja: Vespertine ya Björk, mwimbaji wa Iceland, iliyotoka mwaka 2001. Alisema ndiyo iliyomvusha majira yake ya kwanza ya baridi, Desemba ambayo jua linazama kabla ya saa kumi alasiri na mtu anarudi kazini usiku bila ya kuona mchana. Rafiki zake wa huko hawakubaliani juu yake. Wapo wanaosema ndiyo kazi bora ya yule mama, na wapo wanaosema inawasinzisha, wanataka ile midundo mizito ya Homogenic, albamu yake ya 1997. Yeye alitaka kusikia tutasema nini sisi, na hasa baba yake.

Ami yangu alikuwa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa kucha za kuvaa vidoleni. Alikaa na taarab tangu ujana, akafundisha vijana wengi, na sikio lake lilikuwa halina huruma. Mtu akikosea maqam mtaa wa pili, yeye alikunja uso barazani kwake.

Tulikusanyika orofani kwa shangazi baada ya isha. Tulifunga madirisha yote kwa sababu ya jenereta la jirani, jambo ambalo wakati wa kaskazi ni kujitakia maradhi. Redio ilikuwa ya shangazi, ya kula mawe makubwa sita, yaani betri, na alikuwa ametwambia mapema kwamba mawe yale ni ya kusikilizia Amka na BBC asubuhi, siyo ya upuuzi. Alikuwepo pia kijana wa jirani aliyekuwa akitengeneza biti za zenji fleva, muziki wa vijana wa Zanzibar, kwenye kompyuta, siku za umeme, na mjukuu mmoja wa shangazi aliyekataa kulala.

Shangazi alianza kwa jalada. Alilisogeza karibu na kibatari, akaitazama ile picha ya mwanamke aliyelala chali na mchoro wa ndege mweupe mwenye shingo ndefu uliopita juu yake.

"Huyu mbona kalaliwa na bata?"

Dada akamweleza kuwa lile ni gauni, lenye umbo la ndege huyo, na kwamba Björk alilivaa kwenye tuzo za Oscar mwaka huo huo 2001 watu wakamcheka dunia nzima. Shangazi akasema wamcheke wasimcheke, gauni bila ya mikono ugonjwa.

Wimbo wa kwanza ulipita salama, una besi na kwaya. Wa pili ukaanza, sauti ikaja karibu mno, na chini yake vitu vidogo vidogo vikikwaruza na kupasuka. Shangazi alinyanyuka, akazima, akaitoa sidii na kuanza kuifuta kwa ncha ya kanga.

"Imekwaruzika hii. Umeibeba vibaya."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo ilivyo, alisema. Mikwaruzo ile imetengenezwa makusudi, na huo wimbo ameushughulikia Mdenmark, Thomas Knak. Kisha akatufungulia yale aliyokuwa akiyajua. Kwamba badala ya ngoma waliokota sauti za nyumbani, karata zinazochanganywa, barafu inayovunjwa, wakazikata vipande vidogo na kuzipanga kuwa mdundo. Kwamba wawili wa Marekani wanaojiita Matmos walisaidia kazi hiyo. Kwamba Björk alikaa na kompyuta ndogo ya mapajani, na akachagua kinubi na visanduku vya muziki kwa sababu aliona sauti nyembamba kama hizo hazitaharibika sana watu wakizishusha kwenye intaneti.

Kijana wa biti, ambaye mpaka hapo alikuwa amelala ubavu akilalamika kuwa hakuna mdundo, aliinuka.

"Karata? Hizi hizi?"

Karata za wahedi wasitini zilikuwa juu ya kabati. Alizichukua, akazichanganya karibu na sikio lake, tena karibu na spika, akasikiliza, akazichanganya polepole zaidi. Baada ya hapo hakusema neno juu ya muziki wenyewe; alikuwa ameshaondoka kichwani, yuko studio. Naamini hukumu yake ndiyo iliyokuwa na faida kuliko zetu zote.

Ami alisikiliza amefumba macho. Kwa kinubi alitikisa kichwa mara moja, akauliza nani anapiga. Dada akasoma kwenye kijitabu: Zeena Parkins. "Huyu anajua kuacha," alisema, na kwake yeye hiyo ilikuwa shahada. Visanduku vya muziki hakuvipenda. Dada alipomweleza kuwa Björk aliagiza vitengenezwe kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, na mafundi wakataka mbao ili sauti iwe na joto, na yeye akakataa, akitaka iwe ngumu kabisa, kama iliyoganda, ami alifungua macho.

"Wamemshauri vizuri, kakataa. Kanuni ni mbao na ngozi ya samaki. Ukiondoa hivyo, kinabaki nini? Kucha."

"Ndiyo alichotaka, baba. Kucha."

Lakini hilo halikuwa kubwa lililomkera. Kubwa lilitoka ilipofika nyimbo ya sita au ya saba, jasho likitutiririka.

"Mwanangu, anaimba vizuri, sikatai. Pumzi yake naisikia mpaka kooni. Ila niambie, mtu atamtunza wapi?"

Asiyejua taarab huenda asione uzito wa swali hili. Ukumbini msikilizaji hatoi maoni kwa mdomo. Ubeti ukimgusa, au ukimpiga jirani yake, anainuka na noti mkononi, anapita mbele kwa madaha, anatunza, kila mtu anaona nani kainuka kwa ubeti gani, na kesho mtaani ndiyo habari. Mwimbaji anapajua pahala pa kuachia nafasi. Ami alikuwa anatafuta pahala hapo kwenye sidii ya dada na hakupaona. Kila ubeti ulikwisha kabla mtu hajavaa viatu.

Shangazi ndiye aliyemjibu, akijipepea na jalada lenye bata.

"Kaka, huyu hataki kutunzwa. Kajifunika gubigubi na mtu wake, kafunga mlango. Sisi tumesimama nje tunasikiliza. Haya, na wewe unataka kugonga umpe elfu mbili?"

Dada aliona haya, akainamisha uso. Miye nilikuwa upande wa shangazi, na mpaka leo nipo. Wanaoisifu albamu ile huisifu kwa theluji. Pale chumbani hakuna aliyewahi kukanyaga theluji isipokuwa dada, na hakuna aliyeikosa. Tuliloliona ni mlango uliofungwa. Watu wa nyumba zetu, zenye baraza nje na pazia ndani, wanaujua mlango huo vizuri. Ami alikuwa akiipima kwa sheria za barazani, na kwa sheria hizo alikuwa na haki.

Ilipoingia nyimbo ya kumi redio ikakata. Mawe yalikwisha. Shangazi akapiga kelele juu ya Amka na BBC yake, nani atamlipa, na ami, bila ya kufumbua macho, akatia mkono mfukoni mwa kanzu na kumwita mjukuu.

"Kimbia dukani, lete mawe sita. Anapiga tena yule wa kinubi au ndo basi?"

"Umeona," shangazi akasema, "ushatunza."

Mtoto alirudi na mawe madogo, ya tochi, yasiyoingia. Nyimbo za mwisho hatukuzisikia usiku ule, na ami akamrudisha mbio dukani kudai pesa yake.