Pointi za Sinner ambazo sizioni kuwa zangu

Agosti 2025, Dar es Salaam

Droo ya US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, inatoka wiki hii na kundi letu la WhatsApp limeshachangamka. Tuko wachache: mimi, dada yangu, shemeji, na kijana mmoja wa kazini aliyejiunga kwa utani akakolea. Kila mashindano makubwa ya namna hiyo yakikaribia, kila mtu anaandika nani atafika robo fainali, nani nusu, nani fainali na nani bingwa, upande wa wanaume na wa wanawake. Aliyeongoza ananunuliwa kuku wa kuchoma. Hela hatuwekeani. Mikeka ya shemeji imeshachanika ya kutosha kwenye mpira wa miguu, na dada hataki tena kusikia habari hizo.

Wimbledon ya Julai, ile ya London inayochezwa kwenye nyasi, niliongoza mimi. Kwa wanaume nilimwandika Jannik Sinner, na Sinner akachukua kombe kwa kumfunga Carlos Alcaraz 4-6, 6-4, 6-4, 6-4. Kuku nilimla, na alikuwa mtamu. Lakini kuna mechi moja ya kabla ya hapo ambayo kila nikiikumbuka naona kama nililishwa kitu nisichokitolea jasho.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 7 Julai, raundi ya nne, Sinner na Grigor Dimitrov. Dimitrov ana miaka 34 na bado ana mkono laini kuliko vijana wengi. Alikuwa anaukata mpira kwa chini, ukidunda kwenye nyasi haupandi, unateleza tu, na Sinner, mtu mrefu anayependa mpira umfikie kiunoni, akawa anapinda magoti kila dakika. Seti ya kwanza 6-3. Ya pili 7-5. Zote za Dimitrov, imebaki moja tu ashinde mechi. Kwenye kundi dada akaandika, “Mdogo wangu, pole.” Seti ya tatu Dimitrov akapiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, isiyorudishika, matokeo yakawa 2-2, kisha tukamwona yuko chini ameshika kifua upande wa kulia. Hakuangushwa na mtu, wala hakukimbilia mpira wowote. Sinner akavuka upande wa pili kwenda kumtazama. Baada ya muda mfupi Dimitrov alitoka uwanjani analia, msuli wa kifua umechanika, na Sinner akaingia robo fainali akiwa hajashinda hata seti moja siku hiyo.

Kwenye daftari letu imeandikwa: Sinner, bingwa, sahihi.

Nilipomwambia shemeji kwamba naona pointi zile ni za bahati, alinikatalia katakata. “Shemeji, bahati iko wapi hapo? Mwili wa Dimitrov ulikuwa unajulikana.” Na kweli. Ile ilikuwa mara ya tano mfululizo Dimitrov kushindwa kumaliza mechi kwenye mashindano makubwa, kuanzia Wimbledon ya 2024. Kwa hesabu ya shemeji, anayetabiri vizuri anatabiri na mwili, na mechi ya seti tano ni mtihani wa misuli kama ilivyo mtihani wa ufundi. Hoja ni nzito, nakubali. Ila mimi nilipoandika jina la Sinner sikuwaza kabisa misuli ya Dimitrov. Niliwaza jinsi Sinner anavyorudisha sevu. Sababu yangu na kilichotokea havikukutana popote.

Na kinyume chake kilimpata dada. Kwa wanawake alimwandika Jessica Pegula, na hakubahatisha. Siku chache tu kabla ya Wimbledon, Pegula alikuwa ametwaa ubingwa wa Bad Homburg, Ujerumani, kwenye nyasi zilezile, tena kwenye fainali alimfunga Iga Świątek seti mbili kwa bila. Wimbledon alipangwa namba 3 kwa ubora. Katika sisi wote, hakuna aliyekuwa na sababu nzuri kuliko hiyo. Pegula akatolewa raundi ya kwanza na Elisabetta Cocciaretto wa Italia, 6-2, 6-3, chini ya saa moja. Dada alikuwa hajamaliza kupika mchana.

Halafu yule aliyefungwa Bad Homburg ndiye akawa bingwa. Świątek alikuwa hajawahi kuvuka robo fainali ya Wimbledon, watu walimjua kwa viwanja vya udongo vya French Open, Paris, na kwenye kundi letu aliandikwa na mtu mmoja tu, yule kijana, kwa maelezo kwamba anapenda anavyoishusha kofia yake hadi machoni. Fainali ikaisha 6-0, 6-0 dhidi ya Amanda Anisimova, matokeo ambayo fainali ya wanawake ya Wimbledon haikuwa imeyaona tangu 1911. Kijana alitutumia picha ya kofia bila neno lolote. Nilicheka, lakini nilimhurumia dada kweli.

Siku mbili za kwanza za Wimbledon ile zilikuwa maangamizi hata hivyo. Katika wale 32 kila upande wanaopewa namba ili wasikutane mapema, walitolewa 23 raundi ya kwanza: wanaume 13, wanawake 10. Coco Gauff, aliyekuwa ametoka kutwaa French Open, akafungwa na Dayana Yastremska. Alexander Zverev, Daniil Medvedev, Zheng Qinwen, wote nyumbani. Nyasi huchezewa wiki chache tu kwa mwaka, na wengi huzifikia miguu ikiwa bado inawaza kuteleza kwenye udongo.

Kuna hesabu ndogo ambayo siku hizi huwa naifanya kabla sijaandika jina. Bingwa anatakiwa ashinde mechi saba. Chukua mchezaji mkali sana, ambaye katika kila mechi nafasi yake ya kushinda ni tisa kwa kumi. Zidisha hiyo mara saba: nafasi yake ya kubeba kombe inabaki kama asilimia 48. Yaani hata mkali wa namna hiyo, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba hatachukua. Na ukishamwandika, umewaandika na watu wote aliotakiwa kupambana nao njiani; mmoja akianguka, upande mzima wa daftari lako umebadilika. Ndiyo maana siku hizi sana sana naangalia njia, kuliko jina. Nani yuko nusu moja na nani, nani atakutana na mpiga sevu kubwa raundi ya tatu, nani amemaliza mechi ya saa tano na kesho kutwa anarudi uwanjani.

Basi nimependekeza kanuni mpya kwa US Open. Kila utabiri uandikwe na sababu yake, mstari mmoja tu. Ukipatia kwa sababu uliyoitaja, pointi kamili. Ukipatia kwa mambo mengine kabisa, nusu. Shemeji anasema huo ni uonevu wa kisomi na kwamba kuku haulizi sababu. Kijana anauliza kama kofia ni sababu. Dada amekubali haraka sana, na naelewa kwa nini.

Shemeji ameshaandika hata kabla droo haijatoka: Victoria Mboko, bingwa. Sababu: “Ni wetu.” Mboko anaichezea Kanada, wazazi wake ni Wakongo, ana miaka 18, na mwezi huu huu ameingia mashindano ya Montreal kwa mwaliko maalumu akamtoa Gauff, akamtoa Elena Rybakina, kisha kwenye fainali akamfunga Naomi Osaka baada ya kupoteza seti ya kwanza. Mwaka ulipoanza hakuwa hata kwenye 300 bora. Namwelewa shemeji, hata mimi usiku ule sikulala mapema.

Nikamwambia “Ni wetu” haiwezi kuhesabika kama sababu. Akasema basi aandikiwe nusu mapema. Dada ndiye aliyekumbusha kwamba kwenye ile nusu fainali na Rybakina Mboko alianguka akaumia kifundo cha mkono, na mashindano yaliyofuata ya Cincinnati hakucheza. Shemeji, ambaye mwezi uliopita alinifundisha kwamba anayetabiri vizuri anatabiri na mwili, bado hajajibu.