Nimerudi, na niliyekwenda kumtafuta sikumkuta

Niliaga kwa maneno makubwa: naenda kujitafuta. Miaka saba baadaye nimerudi, na watu wananiuliza kwa utani kama nimejipata. Jibu fupi ni hapana.

Jibu refu linaanzia Igatpuri, India, kwenye kituo cha vipassana, tafakuri ya Kibudha aliyoieneza S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay, Myanmar. Siku 10. Simu, kitabu, hata kalamu unakabidhi. Kengele inalia saa 10 alfajiri, na siku 9 husemi na mwenzako, hata kwa ishara. Siku tatu za mwanzo kazi ni moja: kuhisi pumzi inavyopita puani. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Sikufikisha pumzi kumi kabla ya kujikuta mbali, nagombana na mtu ambaye hata hayupo.

Siku ya nne unaanza kuupitia mwili, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Kisha vinakuja vikao vya saa nzima: hufumbui macho, hukunjui miguu. Goti langu la kushoto liliwaka moto. Nikaling'ang'ania hivyo hivyo kwa akili, hadi yale niliyoyaita maumivu yakameguka vipande: joto, kupwita, kubana, ganzi. Ila "yangu" sikuiona humo. Wabudha wana neno lake, anatta: hakuna nafsi ya kudumu iliyojificha ndani ikisubiri kufukuliwa. (Nimesafiri kote huko kuambiwa hivyo! Nilicheka moyoni, maana kimya ni kimya.)

Mtihani wenyewe ulikuwa nyumbani. Jioni ya pili dada yangu alitua kikombe mezani kwa kishindo.

"Hata baba alipofariki hukuja."

Joto likanipanda shingoni. Nikalitazama likipanda. Budha alisimulia mishale miwili: wa kwanza unachomwa, wa pili unajichoma mwenyewe kwa kunung'unikia ule wa kwanza. Nikavuta pumzi taratibu, nikijisifu kimoyomoyo kwamba wa pili sijaugusa.

"Na sasa unaninyamazia."

Hapo alinikamata. Utulivu wote ule, kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yake.

"Kweli, sikuja," nikasema. "Nauli nilikuwa nayo. Niliogopa."

Hakusema amenisamehe. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kunisimulia siku za mwisho za baba, moja baada ya nyingine.