Nilivyoifunga waifai ya nyumbani kwetu isivamiwe
Nilianzia kwenye ukurasa wa kuendeshea ruta yenyewe, kile kifaa kinachotoa waifai. Niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (ruta nyingine hutumia 192.168.0.1), nikaingia kwa nenosiri lililobandikwa chini ya kifaa, nikalibadilisha papo hapo. Hili silo la kuingilia waifai. Anayelijua anaweza kugeuza DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) na kuzipeleka simu zenu kwenye tovuti bandia.

Nilikokaa zaidi ni kwenye WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuingiza namba ya tarakimu 8. Namba hiyo inaonekana ngumu, lakini mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili: nne za kwanza peke yake, kisha tatu, kwa kuwa ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile saba. Mvamizi anatosheka na majaribio 11,000, na akifaulu anapewa nenosiri la waifai hata liwe refu vipi. Niliizima, kisha nikajaribu kuunganisha printa kwa kitufe kuhakikisha. Ikagoma.

Kwenye usalama wa waifai nilichagua WPA2, kanuni ya kulinda waifai, yenye AES (njia ya kusimba data), kwa sababu printa yetu haiijui WPA3, toleo jipya zaidi lililotoka 2018. Hapo mzigo wote unabebwa na nenosiri, maana aliye nje anaweza kunasa data simu inapojiunga, akaenda kubahatisha kwenye kompyuta yake bila ruta kujua lolote. WPA2 hupokea herufi 8 hadi 63. Niliweka maneno matano yasiyohusiana, niliyoyachagua kwenye orodha ya maneno kwa kurusha dadu, na watoto waliyakariri siku hiyohiyo.

Kuficha jina la mtandao sikuhangaika nako. Simu inayojiunga hulitaja hewani, na programu za bure hulinasa. Kuchuja vifaa kwa anwani za MAC, namba za utambulisho za kila kifaa, nako ni vivyo hivyo. Anwani huigwa kirahisi.

Nilisasisha programu ya ruta, nikafungua mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, nikahamishia huko runinga na kamera, vifaa vinavyoweza kukaa miaka bila kusasishwa. Tangu hapo runinga haipokei tena video kutoka kwenye simu zetu, kwa kuwa ziko mitandao miwili tofauti. Nimeiacha hivyo. Tukitaka kutazama picha pamoja, tunachomeka waya wa HDMI kwenye kompyuta.