Bahasha ya aibu

Mimi kwetu Tanga ila nimeolewa Rombo, Kilimanjaro, kwahiyo kila Desemba lazima tupande kwenda kuhesabiwa, yaani kuonekana kwa ukoo. Wenye mashemeji wa Kichaga mnanielewa. Usipoenda unaulizwa hadi Pasaka, na ukienda unarudi mweupe.

Mwaka juzi tulirudi weupe haswa. Na cha kuuma bajeti tulikuwa nayo! Niliiandika mwenyewe kwenye kaunta buku, nauli, hela ya mbuzi, mchele na sukari ya kupeleka, kitenge cha mama mkwe, nguo za watoto, kila kitu na bei yake, na yote nilinunua kwa bei niliyoandika, mchele hata nikapata kwa bei ya chini maana niliufuata sokoni mwenyewe. Sasa tarehe 3 Januari tunashuka stendi Dar usiku, mvua inanyesha, nafungua pochi nina elfu kumi na moja. Ada ya mkubwa haijalipwa hata senti. Tukachukua mkopo wa simu, halafu ukaja mkopo mwingine wa kulipa ule wa kwanza, yaani tumekuja kupumua mwezi wa nne.

Siku moja nikakaa na baba watoto nikamwambia leo hatulali mpaka tujue ile hela ilienda wapi. Tukaanza kukumbuka kimoja kimoja. Bibi mzaa baba elfu ishirini, huwezi kumsalimia mkono mtupu. Sadaka ya shukrani kanisani, na pale watu wanapita mbele kwa familia, unaitwa kabisa "familia ya fulani kutoka Dar es Salaam". Mbege, ile pombe ya ndizi, ya wazee waliokuja kutusalimia. Bodaboda ya kwenda kumuona mgonjwa, na mgonjwa naye huwezi kumpa pole tupu. Shemeji simu yake imeharibika kioo. Jirani aliyekuwa analinda migomba. Na watoto jamani, watoto!

Ngoja niwaeleze la watoto maana ndio lililonifungua macho. Asubuhi ya Krismasi niko jikoni namenya ndizi za mtori, anaingia mmoja, "shikamoo mama mdogo", marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, halafu anasimama. Haondoki. Anaangalia ukuta. Nikajua hii ni hela ya sikukuu. Nafungua pochi nina noti za msimbazi tupu, yaani elfu kumi kumi, mawakala wote wa pale kijijini tangu tarehe 24 hawana keshi, duka limefungwa, chenji hamna. Mtoto wa watu bado anaangalia ukuta na nje nasikia wenzake wanasukumana. Nikatoa msimbazi nikasema mgawane. Hawakugawana. Baada ya nusu saa wakaja wengine wanasema sisi hatujapewa, ukatoka msimbazi mwingine, na ikaja timu ya jioni kutoka kihamba (shamba la ukoo) cha chini. Elfu thelathini kwa watoto ambao kila mmoja angefurahi na buku tu, elfu moja.

Tulipojumlisha vyote hivyo ilifika karibia laki tatu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye daftari. Baba watoto akasema lakini hivi vyote ni vya aibu, yaani huwezi kukataa. Nikamwambia basi tuviandike hivyo hivyo. Mwaka jana kwenye bajeti kukawa na mstari mpya umeandikwa AIBU.

Sasa nilivyofanya. Kikoba chetu huwa tunavunja Novemba, mwaka jana mgao wangu ulikuwa 1,140,000. Siku ile ile kabla sijafika nyumbani nikalipa awamu ya kwanza ya ada, 480,000, nikapiga picha risiti nikamtumia baba watoto. Hapo ndio ilikuwa pagumu kuliko kote maana akili inakwambia shule mpaka Januari hiyo, hela ikae kwanza. Isikae! Nikakata tiketi za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, viti vinne, 320,000. Ya kurudi ni muhimu mno, ukisubiri ukatie kule tarehe 2 na kila mtu anarudi, mpiga debe anakuangalia na mabegi na watoto anakutajia bei ya usoni.

Ikabaki 340,000, baba watoto akaongeza laki nne kwenye mshahara, ikawa 740,000. Mbuzi 170,000. Vyakula na zawadi 210,000. Laki mbili ya kula Januari nikamwachia dada yangu Tanga, yeye hata umlilie hakupi kabla ya siku mliyokubaliana. Aibu 160,000, yote keshi, kwenye bahasha ya kaki, na elfu arobaini kati ya hizo ziwe buku buku. Nilizikusanya mwezi mzima, genge, kwenye daladala, kwa muuza chapati.

Na jamani ilifanya kazi. Anakuja mtoto, shikamoo, marahaba, buku. Walikuwa 27, nimewahesabu. Mpaka kwenye sadaka nilijua kabisa nina elfu ishirini ya kupita nayo mbele, nikapita natabasamu.

Kilichotaka kutuua ni kikao cha ukoo tarehe 28. Agenda kaburi la babu, lijengewe na liwekwe marumaru kabla ya Pasaka. Kila mtu anataja ahadi yake kwa sauti na kuna kijana anaandika. Baba watoto ameshika kata ya mbege ya tatu, kaka yake kataja laki tatu, nikaona mume wangu anakohoa anataka kusimama. Nikamvuta shati kwa nyuma. Akasimama hivyo hivyo. Akasema laki mbili. Moyo ukaruka, halafu akaongeza "lakini mimi yangu nitaleta mwezi wa tatu mwishoni". Kijana akaandika mwezi wa tatu, mzee mmoja akagonga fimbo chini kukubali, kikao kikaendelea. Kumbe inawezekana! Miaka yote tunatoa pale pale kama tunakimbizwa na kumbe ukitaja tarehe yako na ukaiheshimu hakuna anayekusema. Na tuliitimiza, machi tukatuma.

Tulishuka stendi tarehe 3 na elfu 19 ndani ya bahasha. Sio nyingi, ila asubuhi yake nilienda kununua sweta la shule na soksi bila kumpigia mtu simu.

Mwaka huu aibu nimeipandisha 180,000 kwa sababu wifi kajifungua na lazima tupite kumuona mtoto. Baba watoto anasema nimezidisha. Buku buku ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, jana zilikuwa 14, leo asubuhi nimehesabu ni 12, na hapa ndani watu wazima tuko wawili tu.