Leza, mtungi na shimo la choo

Jana nilirudi nyumbani Sinza na kipima metheni cha leza (metheni ni gesi inayotoka kwenye uchafu unaooza, na ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia), nikakielekeza kwenye mtungi wa gesi jikoni. Sifuri. Mama akacheka: "Na harufu yote hii, mwanangu?" Kweli mpira ulikuwa unavuja, ila mtungini mna propani na butani, na leza yangu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,653, unaofyonzwa na metheni. Nikatoka uani, nikamulika ukuta juu ya mfuniko wa shimo la choo. Namba zikapanda palepale!

Mwanga huo hausumbuki kupita kwenye nyuzi za kioo kama zile za intaneti. Kwa hiyo leza ingekaa ofisini, ikachungulia bomba la gesi ya Songo Songo kilomita kadhaa mbali, na kule mwisho usihitajike hata umeme.

Mpira tumeshabadilisha.